Shaaban Robert tunamsifia kitabu kisicho chenyewe

karani_bandari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tanga. Kazi yangu ni karatasi tangu asubuhi mpaka meli imalize kushusha: hati za shehena, ankara, vibali, stakabadhi za ushuru. Fasihi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo naandika kama msomaji tu. Ila ni msomaji ambaye jambo hili limemkaa rohoni miezi kadhaa na sasa anataka kulitua mbele yenu.

Kuna mzee anauza vitabu vya mtumba, huvitandaza juu ya turubai chini ya mwarobaini. Kwake nilinunua siku moja vitabu viwili vya Shaaban Robert: Kusadikika, na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kusadikika imepita mikononi mwa wanafunzi wasiopungua watatu, maana kuna penseli, kuna wino wa bluu na kuna kalamu nyekundu. Pembeni mwa kurasa wameandika "dhamira: uongozi mbaya", "mhusika bapa", "tashbiha", na mahali pamoja, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili, "HII HUTOKA". Maisha Yangu haina alama hata moja. Nilipoifungua katikati, gundi ya mgongoni ililia. Hakuna aliyekuwa amefika pale kabla yangu.

Nikavisoma vyote viwili, nikaanza kujiuliza: vitabu tunavyoviita vya kale, tunavyofundishwa kuviheshimu kabla hatujavigusa, vinastahili sifa hiyo?

Kwa Kusadikika jibu langu ni kwamba sifa imezidi kitabu. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Majina yanakumalizia hadithi kabla haijaanza: wa Karama ni mwema, wa Majivuno ni mbaya, hakuna atakayekushangaza. Kisha Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi. Kila mmoja anataabika, anarudi na jambo la kheri, anatiwa gerezani. Ukimaliza wa pili, wa sita umeshamjua. Na wote wanazungumza kwa ulimi mmoja, ulimi wa Shaaban Robert.

Sasa njoo kwenye kile kingine. Huyu bwana alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, miaka 18, Pangani na kwingineko pwani hii hii. Nilipojua hilo nilisoma polepole zaidi. Anasimulia kazi, uhamisho, ndoa, watoto. Anamzika mkewe Amina, na shairi alilomwandikia limo humo. Wengi tumeimbishwa shuleni bila kulisikia. Anasema Amina ni kama ua lililofunga baada ya kuchanua, na beti inakwenda kuishia hapa:

*Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.*

Neno ni lile lile, kufunga. Mara ya kwanza ni ua linakunja petali zake jioni, na huwezi kulilazimisha. Mara ya pili ni fundo, au ni mlango. Sisi watu wa forodha tunalijua neno hili kwa mikono. Mzigo ukishafungwa kwa lakiri, asiye na mamlaka haufungui, hata kama ni wake. Mtu aliyefunga mizigo kwa lakiri miaka 18 ndiye aliyeandika mstari ule. Nilipofika pale niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: sifa ya Shaaban Robert ni halali, lakini tumeifunga kwenye kitabu kisicho chenyewe. Mtihani umechagua, na sisi tukafuata mtihani. Naomba mnikosoe.

nyota_ya_alfajiri

Naweka kigoda hapa. Mada kama hizi zimekuwa adimu.

mwanachuo_wa_kusini

Mkuu, umeanza vizuri ila umeogopa kufika mwisho wa hoja yako. Kama mtihani ndio uliochagua Kusadikika, basi mtihani ndio uliochagua vyote. Hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoitwa cha kale ambacho ofisi fulani haikukipitisha.

Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana wanapotoka mikononi mwa baba mkali na kuingia mikononi mwa walimu na mabwana. Miaka ikapita, ikaja kufundishwa. Kitabu hakikubadilika hata neno. Kilichobadilika ni waliokaa kwenye viti. Sasa hiyo sifa ilikuwa wapi muda wote ule? Ilikuwa ndani ya kitabu, au kwenye mhuri?

Na kwa riwaya, nitasema bila kumung'unya: Kezilahabi amempita Shaaban Robert mbali. Rosa anakosea, anajuta, anakosea tena. Zakaria baba yake unamchukia na kumwonea huruma kwenye ukurasa mmoja. Huko Kusadikika nitampata wapi mtu wa hivyo? Kezilahabi mwenyewe alimchukulia Shaaban Robert kwa uzito, maana tasnifu yake ya uzamili pale Dar es Salaam aliiandika juu ya riwaya zake. Alimsoma mpaka mwisho, lakini yeye mwenyewe aliandika kwa njia nyingine kabisa. Hiyo ndiyo heshima ninayoielewa mimi.

mwalimu_wa_zamu

Kaka karani, na wewe mwanangu mwanachuo, nawaombeni mniazime sikio. Nafundisha Kiswahili mwaka wa 22 sasa.

Yale maandishi ya pembeni, "dhamira: uongozi mbaya", huenda ni ya wanafunzi wangu, na nayaonea uchungu kuliko ninyi. Lakini msimhukumu Karama kwa penseli ya watoto.

Kwanza, tarehe. Kusadikika kilitoka 1951. Mwandishi wakati huo ni mtumishi wa serikali ya kikoloni, yuko ofisi ya wilaya hapo hapo Tanga. Mshahara wake unatoka kwa watawala, na mwaka ule hakuna Mwafrika wa kawaida aliyesikilizwa kuhusu sheria zinazomtawala. Mtu huyo anakaa na kuandika kesi ya raia anayeshtakiwa kwa kutaka wenzake waijue sheria. Angeiandika vipi? Angemwita mshtaki kwa jina gani? Nchi aliiweka angani kwa sababu ardhini pasingekalika. Majina yale ya Majivuno na Karama ndiyo pazia lake, na nyuma ya pazia alisema jambo ambalo wengi hawakuthubutu kulinong'ona.

Pili, habari ya wajumbe sita. Nami nililalamika hivyo hivyo nilipokuwa kijana. Kisha mwaka mmoja, baada ya kuchoka na "jadili maudhui", nikaifanya kesi darasani. Meza ya mwalimu ikawa kiti cha mfalme. Binti mmoja mwenye sauti kali akawa Majivuno. Karama alikuwa kijana mkimya wa nyuma kabisa ambaye sikuwa nimemsikia muhula mzima. Tukasoma kwa sauti. Mjumbe wa kwanza alipofungwa, darasa lilinyamaza. Wa pili, wakaguna. Wa tatu, mmoja akasema chinichini, "Gerezani." Tulipofika wa nne, Majivuno hajafungua kinywa, darasa zima lilipiga kelele: "Gerezani!" Na yule binti akageuka kutazama wenzake, uso umembadilika, kwa sababu alitambua kwamba hukumu yake inajulikana kabla ya ushahidi.

Hapo ndipo nilipoielewa ile marudio. Unayemwona anachosha ni mwandishi, kaka, lakini kinachochosha ni dhuluma yenyewe: kila mwaka mtu mpya, kheri mpya, gereza lile lile. Imetungwa kwa ajili ya masikio, kama hadithi za bibi zetu zinavyorudia kiitikio. Ukiisoma kimya kimya mbele ya karatasi ya majibu utaona mjumbe wa sita amezidi. Ukiisoma na watu, wa sita ndiye unayemngoja, ujue kama kuna siku itakayokuwa tofauti.

Kuhusu Maisha Yangu nakubaliana nawe kwa moyo wote. Kitabu kile kimeonewa.

karani_bandari

Mwalimu, umenigusa. Sikuwahi kufikiri kuisoma kwa sauti. Na habari ya mwaka 1951 niliijua kama tarehe, sikuijua kama hatari.

Bado nina neno moja. Adili na Nduguze mnaitetea vipi? Ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku akilia. Ni kisa kile kile kilichomo katika Alfu Lela Ulela, isipokuwa huko ndugu ni mbwa. Ametia Kiswahili kitamu sana, lakini mifupa si yake.

mwalimu_wa_zamu

Hiyo sitaitetea sana. Lugha yake naipenda, kisa nakiachia wenyewe.

fumba_kwetu

Mnajadili mzee wa watu bila kumtaja Siti? Wasifu wa Siti Binti Saad, 1958. Binti wa kijiji cha Fumba, kwao ni wafinyanzi, anatembeza vyungu akiuza huku anaimba ili watu wajue kapita. Anahamia mjini Unguja bila kujua kusoma, na mwaka 1928 yuko Bombay anatiwa sauti kwenye santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandika mwanamke huyu fukara kwa taadhima ileile ambayo watunzi wa kale waliwaandikia masultani na mashujaa wa vita vya dini. Wakati ule nani mwingine alikuwa anafanya hivyo? Mimi kwangu hicho ndicho kitabu chake. Nimemaliza.

mvita_wa_kale

Assalamu alaykum jamaa. Nawaandikia kutoka Mombasa.

Mwanachuo kauliza sifa iko kwenye kitabu au kwenye mhuri. Nataka nimpeleke nyuma, kabla ya mhuri wowote.

Muyaka bin Haji wa hapa Mvita alifariki 1840. Hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, sokoni, barazani, kwenye majahazi. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyahifadhi kichwani na kuyakusanya, akashirikiana na Mwingereza mmoja, William Taylor, aliyeyaandika. Sikujua akafariki 1890. Diwani yenyewe ilichapwa 1940, miaka 100 baada ya Muyaka kuzikwa. Hebu hesabuni: nusu karne nzima mashairi yale yalikuwa yakiishi ndani ya watu ambao hawakulipwa wala hawakutahiniwa. Walikuwa wakiyasema kwa sababu yalikuwa matamu kinywani. Ofisi gani ilipiga mhuri pale?

Sikatai kwamba kuna bahati. Kuna washairi wengine wa wakati wa Muyaka ambao hawakupata Sikujua wao, nao wamekwenda na upepo. Kwa hiyo sifa ya kale haituambii kwamba hawa walikuwa bora kuliko wote. Inatuambia kwamba kulikuwa na mtu aliyekataa kusahau. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko wa mhakiki yeyote.

Kisha kuna jambo la lahaja, ambalo naliona limewaumiza washairi wetu kuliko mtihani. Mwaka 1928 mkutano ulikaa hapa hapa Mombasa, ikaamuliwa kwamba Kiswahili cha vitabu kifuate Kiunguja, na 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Sisemi walikosea, lugha moja ya vitabu ilihitajika. Lakini tangu siku ile mtoto wa shule akikutana na Kiamu cha Lamu au Kimvita cha hapa Mombasa hudhani ni Kiswahili kilichoharibika, kumbe anatazama nyumba ambamo ushairi ulizaliwa. Nikupeni ubeti wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anapoyazungumzia majumba ya Pate yaliyobaki mahame:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni,*
*bumu hukoroma kati nyumbani,*
*zisiji na kotwe waikaliye.*

Madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, vinapangwa sahani za kaure zilizokuja na meli. Nyuni ni ndege, bumu ni bundi. Sahani zimeondoka, na mahali pa kila sahani sasa pamelala kinda la ndege. Hakusema "wote wamekufa". Ameonyesha shubaka moja, na lililomo ndani yake. Mkienda Pate au Lamu leo mtayaona madaka hayo kwenye magofu, mawe yamemeguka, na ndege wamo kweli. Shairi lina takriban miaka 200 na bado unaweza kuliendea na kulikagua kama unavyokagua mzigo, ndugu yangu karani.

karani_bandari

Nimeusoma ubeti huo mara nne. Mara ya nne niliusoma kwa sauti, kwa ajili ya mwalimu.

binti_wa_pili

Naomba nami niseme, na nitasema kwa heshima kwa kaka wa Mombasa.

Kila tunapotaja ushairi wa kale hatukawii kufika kwa Mwana Kupona, na kila mara wanaomsifu zaidi ni wanaume. Utendi wake wa 1858 nimeusoma wote, beti 102. Mama anamwambia binti yake kwamba kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Kisha anafuata mafunzo ya namna ya kumtunza mume, kumkanda, kumpepea, kutotoka bila ruhusa. Shoga yangu alisomewa beti hizo usiku wa kuamkia harusi yake, na alipokuwa anapigwa katika ndoa hiyo, wakubwa walizirudia mbele yake kumtaka avumilie. Nilikuwepo. Sasa niambieni, kazi iliyotumika hivyo nayo tuiite johari na kuishia hapo? Sifa ya kudumu inafanya mambo yawe magumu kujibiwa. Ukimpinga Mwana Kupona unaonekana umepinga utamaduni wote.

mvita_wa_kale

Dada yangu, pole kwa shoga yako. Uliyoyasema ni kweli na sitayafunika. Utendi ule umeshikwa na watu ukafanywa fimbo, na waliofanya hivyo wana la kujibu.

Nikueleze mimi niliupata vipi. Nyanya yangu aliusema akisuka ukili. Mkono haukusimama, minyaa ikipita juu na chini, na mishororo ikiandamana na mkono. Beti za mume alizipita mbio mbio, kama mtu anayepita mtaa asio na shughuli nao. Alipopunguza mwendo ni hapa:

*Maradhi yamenishika*
*hatta yametimu mwaka,*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia.*

Mwaka mzima yu mgonjwa, na binti hajaambiwa neno jema. Nyanya yangu alizika mabinti wawili. Alikuwa akifika pale mkono unasimama juu ya ukili, kisha unaendelea. Mwana Kupona alifariki yapata miaka miwili baada ya kuutunga. Mimi nilikua nikijua kwamba utendi ule ni wa mama anayeogopa kufa kabla hajasema. Mafunzo ya mume ndiyo silaha aliyokuwa nayo mwanamke wa Siyu na Lamu wa wakati ule, akampa mwanawe aliyebaki nyuma bila mama. Silaha ya leo ni nyingine, na binti zangu sijawafundisha zile beti kama amri.

binti_wa_pili

Asante kaka. Ubeti huo niliusoma ukanipita, nadhani kwa sababu nilikuwa nautafuta ule wa radhi tano ili nigombane nao. Msimamo wangu sijaubadilisha: usisomwe kwa maharusi bila mtu wa kuujibu. Lakini natamani shoga yangu angesomewa kama nyanya yako alivyousoma.

karani_bandari

Kuna kitu nimekiona mkizungumza. Mwana Kupona anamwambia binti: nakupa hirizi, uifunge vizuri kwa uzi. Shaaban Robert naye, ndani ya Maisha Yangu, amemwandikia binti yake Mwanjaa utenzi wa kumwachia maneno ya kumlinda, na mama wa mtoto ameshafariki. Karibu miaka 100 kati yao, na wote wawili ni wazazi wanaofunga kitu shingoni mwa mtoto wa kike. Sijui kama alikuwa anamkumbuka yule mama wa Lamu alipouandika. Ila ukiusoma mmoja, wa pili unauelewa zaidi. Hili hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha, na mtihani usingeliuliza.

mwanachuo_wa_kusini

Nimesoma michango yote na narudi na hoja iliyopungua makali. Kwa Muyaka mmenishinda. Miaka 50 ya midomo ya watu siwezi kuiita mhuri.

Lakini kuna la kukumbushana. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wakubwa walisimama na hao hao watunzi wa kale mkononi wakasema hayo si mashairi ya Kiswahili. Mabishano yalidumu miaka mingi. Muyaka, ambaye mwenyewe aliutoa ushairi kwenye mambo makubwa ya dini akauleta kwenye bei ya vitu, ugomvi na mapenzi ya mjini, alifanywa askari wa kuzuia wengine wasibadilishe kitu. Ninachokichukia ni hicho. Kitabu cha kale kikinifungulia mlango nitakipenda mpaka kufa. Kikisimamishwa mlangoni kama rungu, nitakikimbia, na wanafunzi wenzangu wamekikimbia kwa wingi.

Leo mchana nilikwenda maktaba kuuliza Al-Inkishafi. Mhudumu alilazimika kupanda ngazi. Kilikuwa rafu ya juu kabisa, na kadi ya kuazimia ina majina machache sana. Langu limeongezeka.

mwalimu_wa_zamu

Mwanangu, ukikwama kwenye maneno ya Kiamu uliza hapa, tutasaidiana na huyo bwana wa Mvita. Usikiharakishe. Beti nne kwa siku zinatosha.

mvita_wa_kale

Nipo. Uliza wakati wowote.

karani_bandari

Wakuu, nimekaa kimya wiki moja, meli mbili zilifuatana. Nimerudi na mawili.

La kwanza, nimekipata kitabu cha barua zake, zile alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Nimeanza tu. Ni barua za karani kwa ndugu yake, na mimi barua za makarani ndizo ninazozisoma kutwa, kwa hiyo najisikia nyumbani. Mwanachuo, ukimaliza Al-Inkishafi tafuta hizi. Zitakuonyesha yule mtu uliyemkosa kwenye riwaya zake.

La pili, nimelifanya la mwalimu. Umeme ulikatika juzi usiku, watoto watatu wamekaa sebuleni hawana la kufanya, nikachukua Kusadikika ile yenye wino wa rangi tatu nikasoma kwa mwanga wa taa ya kuchaji. Nilimsoma Buruhani, mjumbe wa kwanza. Mkubwa wangu, yuko kidato cha pili, alitaka kuondoka katikati, akabaki. Jana umeme ulikuwepo, na wakaniuliza kama tunaendelea. Tukamsoma Fadhili. Alipokuwa anarudi kutoka safarini, yule mdogo wa miaka saba akaniuliza, "Baba, na huyu wanamfunga?" Sikumjibu, nikaendelea kusoma. Alipofungwa, akanyanyuka akaenda kusimama karibu na mama yake.

Maisha Yangu bado naiweka juu, hapo sijahama. Lakini nilichoandika siku ya kwanza, kwamba ukimaliza wa pili umeshamjua wa sita, nakifuta. Mwanangu amemaliza wa pili, na tangu asubuhi ananiuliza kuhusu wa tatu.

Leo ni usiku wa Kabuli. Wameshakaa.